Nyundo ya Gaspard na Almasi ya Bei Nafuu

Katika Bunia nzima, huko mashariki mwa Kongo, hakukuwa na mtu mgumu wa kuamini kama Gaspard, na usidhani nazungumzia mambo ya kanisa. Kanisani aliamini vizuri tu, kwa sababu huko hakuna aliyemuuzia kitu. Nje ya kanisa ndipo palipokuwa na kazi. Sabuni aliikata katikati kabla ya kulipa. Mafuta ya mawese aliyanusa, akayaonja, akayaacha juani kidogo, akayanusa tena. Mkate aliugonga kwa kidole na kuutegea sikio. Wachuuzi wa soko la Nyakasanza walipomwona kwa mbali walianza kufunika bidhaa zao, na mimi siwalaumu.

Tabia hiyo aliipata kazini. Kwa miaka zaidi ya ishirini alinunua dhahabu katika kibanda cha mbao karibu na barabara kuu, na vyombo vyake vya kazi vilikuwa vitatu tu: mizani ndogo ya visahani viwili, ambayo mawe yake yalikuwa njiti za kiberiti, kipande kizito cha chuma kilichotoka kwenye lori bovu, ambacho kilikuwa fuawe yake, na nyundo ndogo iliyochakaa mpini. Mchimbaji akileta punje yake, Gaspard hasemi neno. Anaiweka juu ya chuma, anaigonga mara tatu. Dhahabu ya kweli ukiigonga inatandazika tu, inalala bapa bila ufa. Ile ya uongo, ambayo mara nyingi hung'aa kuliko ya kweli, inasagika unga. Mara tatu, basi, hukumu imetoka, wala hakuna aliyewahi kukata rufaa. Watu walimwita Papa Nyundo, naye alijifanya hapendi.

Hata pete ya ndoa yake aliigonga. Ilikuwa mwaka 1978, siku moja kabla ya harusi. Fundi alikuwa ameifua vizuri, ya dhahabu tupu, lakini Gaspard akaona hawezi kumpa Honorine kitu ambacho hajakihakikisha. Padri akaibariki ikiwa bapa upande mmoja. Honorine, binti wa wakulima wa Kpandroma, aliitazama pete, akamtazama bwana harusi. Akaivaa hivyo hivyo na ubapa wake miaka ishirini na minne, huku akiuza maharagwe na viazi kutoka kwao na kuzaa watoto wanne. Wa kwanza walimwita Aimé, ndiyo maana wenyewe kwa wenyewe waliitana Papa Aimé na Mama Aimé.

Pete ile iliondoka Agosti 2002. Siku hizo za vita mji ulikuwa ukibadilisha wenyewe wake kila baada ya miezi michache, na kila mwenyewe mpya alikuja na kizuizi chake na orodha yake ya watu wasiofaa kuishi. Kwenye kizuizi kimojawapo Gaspard alikamatwa, akalazwa kifudifudi vumbini. Kosa lake halikutajwa, kwa kuwa halikuwapo. Honorine akaivua pete, akampa kijana mwenye bunduki. Kijana akaigeuzageuza.

"Hii iko ya kweli?"

Hapo Gaspard, mdomo umejaa vumbi na mtutu uko kisogoni, akainua kichwa. Alikuwa amechukia kabisa.

"Nilipiga nyundo miye mwenyewe! Angalia pale kando, iko bapa. Kama ingekuwa ya bongo, ya uongo, ingepasuka!"

Kijana akaangalia, akauona ubapa, akaridhika. Akamwambia asimame aende zake. Kwa hiyo naomba mnielewe nikisema kwamba mtu huyu alikuwa na sababu ya kuiamini nyundo yake. Ilimwokolea maisha. Tatizo ni kwamba tangu siku ile aliiamini kupita kiasi.

Kidole cha Honorine kikabaki na alama ya rangi nyepesi pale pete ilipokaa. Hakulalamika. Lakini mwanzoni mwa 2003 parokia ilitangaza kwamba Jumapili baada ya Pasaka, wenye ndoa za miaka ishirini na mitano watasimama mbele ya altare na pete zao zitabarikiwa upya. Vita au si vita, yubilei ni yubilei. Siku hiyo Honorine alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Akaacha mchi ndani ya kinu.

"Papa Aimé, tangu vita ilianza sikukuomba kitu. Leo naomba. Yaya Léonie anataka kunikopesha pete yake. Miye sitaki pete ya kukopa mbele ya Mungu. Kama sina yangu, siendi. Utasimama kule weye peke yako."

Léonie alikuwa dada yake mkubwa, mwanamke mwema mwenye sauti ya kutosha kwaya nzima. Pete akikopesha yeye, hata viziwi wa parokia wangepata habari.

"Utakuwa na yako," Gaspard akasema.

Ungedhani ni jambo dogo. Mtu anashinda na dhahabu mkononi kutwa, anashindwaje na pete? Lakini dhahabu katika Bunia ya mwaka ule ilikuwa kitu cha kuuza au kuondoka nacho mbio, si cha kuvaa. Kila mtoto aliijua kwa macho. Mwanamke akitoka na pete ya dhahabu asubuhi, kabla jua halijazama wageni wanabisha mlangoni kwa kitako cha bunduki. Gaspard aliwaza siku tatu. Siku ya nne akapata wazo, na lilikuwa zuri kiasi kwamba alicheka peke yake kibandani. Almasi! Almasi, au diama kama wasemavyo huko, ni mambo ya Kisangani na Kasai. Ituri ni nchi ya dhahabu, na watu wake diama waliisikia redioni tu. Almasi moja ndogo, ya bei nafuu, kwenye pete ya fedha, nani ataigeukia? Vijana wa vizuizini watadhani ni kioo. Honorine atapita mchana kweupe na kitu cha thamani mbele ya wezi wote wa mji, nao watamsalimia. Gaspard aliona amewapiga wote chenga.

Alisahau jambo moja tu, kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Ituri.

Akaenda kwa Mbusa, kijana ambaye wazazi wake walihamia kutoka Butembo na aliyekuwa na duka pale Nyakasanza. Aliuza betri, vitenge na redio, na chini ya meza alikuwa na kasanduku kadogo ka vitu vya Kisangani. Mbusa alikuwa mwaminifu, jambo lililokuwa limemtia hasara mara nyingi. Akatandika kitambaa cheusi, akapanga pete tatu.

"Hii ya kwanza, Papa Gaspard, iko kubwa, inaangaza sana, lakini ni kioo. Naiuzishaka kwa bale bachumba benye haraka. Hii ya pili ni diama safi. Ukitaka kuilipa, utauzisha nyumba na bibi pamoja. Hii ya tatu, njo yako, ndiyo yenyewe. Iko kadogo, iko na rangi ya manjano kidogo, na mu ndani kuko ka doa. Juu ya ile doa bei ilishuka. Lakini iko ya kweli, vrai vrai."

Gaspard alikodoa macho. Ya tatu ilikuwa na jiwe dogo kuliko punje ya mtama, na unyonge wake ulimkera. Ya kwanza ilimwita kwa kila upande. Mbusa akazipulizia pumzi ya kwanza na ya tatu: kwenye kioo mvuke ukakaa, kwenye jiwe dogo ukatoweka papo hapo. Kisha akachukua chupa tupu ya bia, akaikwaruza kwa lile jiwe dogo, na mstari mweupe ukatokea. Gaspard akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo tangu utotoni. Angeuliza swali moja tu, diama inapigwaje nyundo, Mbusa angeruka juu ya meza kumzuia. Hakuuliza. Mtu aliyewahukumia wenzake mali zao miaka ishirini na kitu hamuulizi kijana muuza betri.

Alichojua ni kuvuta bei, na aliivuta mpaka Mbusa akashika kichwa kwa mikono miwili. Walipokubaliana, akanyoosha mkono tena.

"Na matabishi iko wapi?"

Matabishi ni ile nyongeza ambayo hakuna mnunuzi wa Bunia anayekubali kuondoka bila kupewa. Mbusa akacheka, akamtupia ile pete kubwa ya kioo. "Twaa, bajukulu batachezea."

Angekwenda moja kwa moja nyumbani, hadithi ingeishia hapa, na mimi ningefurahi. Lakini njia ilipita kibandani, na kibandani kulikuwa na nyundo. Gaspard akaketi. Wasiwasi ukamwanza taratibu. Kwa nini kijana alikubali bei ile? Kwa nini alicheka? Mvuke ni kitu gani, hata sufuria inatoa mvuke. Akailaza pete ya fedha juu ya chuma, akafumbua vile vikucha vinavyoshika jiwe, akalitoa, akalipanga katikati. Akagonga mara ya kwanza. Jiwe likaruka, likatulia, zima kabisa, naye akatabasamu. Akagonga mara ya pili. Pakatokea mlio mdogo wa kusagika. Mara ya tatu haikuhitajika tena, lakini desturi ni mara tatu, akagonga.

Hivyo ndivyo ilivyokufa almasi pekee ya kweli iliyowahi kuwa mali ya mtu ninayemfahamu, saa tisa mchana, mikononi mwa mjuzi.

Gaspard alikaa akiutazama ule unga na vipande vyake. Kwanza alijiona mjinga, kisha akamkasirikia Mbusa. Akainuka aende akamtoe roho. Hapo macho yake yakaangukia ile pete kubwa ya matabishi, inang'aa mezani, na wazo jingine likamjia, la pili ndani ya wiki moja, na mimi husema mtu wa umri wake lingemtosha moja. Kijana amechanganya! Hajui mali yake mwenyewe! Alichokiita diama ni kioo, na alichokiita kioo ndicho diama, naye amekitoa bure! Gaspard aliketi tena. Akienda kugomba, Mbusa atagundua kosa lake na kudai almasi irudi. Kwa hiyo akajikausha. Vipande vya lile jiwe dogo akavifunga katika karatasi ya sigara, akavitia ndani ya kopo la vidonge pamoja na pete ya fedha tupu, aje kumwaibisha kijana navyo siku moja mambo yakitulia.

Ile kubwa, je, aliigonga? Aliinua nyundo. Akaishusha. Kwa mara ya kwanza maishani hakugonga. Alijiambia hakuna haja, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Zilibaki siku nne tu kufika Jumapili.

"Ni diama, Mama Aimé," alimwambia akimvalisha. "Ya kweli. Lakini mutu akikuuliza, sema ni kioo."

Honorine akaunyoosha mkono mbali, akaurudisha karibu. "Ulipiga nyundo?"

Gaspard akaipangusa pete kwa kidole. "Hii, hapana."

Machozi yakamlengalenga Honorine. Miaka ishirini na mitano, na hiki ndicho kitu cha kwanza mumewe alichomletea bila kukitia majaribuni. Furaha yake siku ile ilikuwa ya kweli hata kama jiwe halikuwa, na Gaspard, akiiona, alijisikia mtu mkubwa.

Jumapili walisimama mbele ya altare. Jua likaingia dirishani, likaipata pete, na watu wa mabenchi matatu ya kwanza wakafumba macho. Nje ya kanisa Léonie akamdaka dada yake mkono.

"Honorine! Ni nini hii?"

"Ni kioo tu, yaya," Honorine akasema, na akaufunika mkono kwa kitenge.

Mwanamke huyu hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Sasa alikuwa anasema ukweli akidhani ni uongo, na aliusema vibaya sana, uso umemwiva kwa fahari na woga. Hakuna aliyemwamini. Kadiri alivyosema kioo, ndivyo watu walivyozidi kupandisha thamani. Kabla wiki mbili hazijapita, Nyakasanza nzima ilijua kwamba mke wa Papa Nyundo anatembea na diama ya ukubwa wa haragwe.

Mwezi wa tano mji ukabadilisha wenyewe tena, kwa siku nyingi za risasi. Asubuhi moja vijana watatu wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Gaspard bila hodi. Hawakuulizia mtu. Waliulizia diama.

"Ni kioo," Gaspard akasema.

"Ni kioo, bana bangu," Honorine akaunga.

Mkubwa wao, ambaye bila shaka aliwahi kufanya kazi machimboni, akacheka. "Muzee, siye tunajua. Kuko nyundo hapa. Diama iko nguvu kupita chuma. Ikikatala kupasuka, tunaibeba, na tutawauliza juu ya nini mulitudanganya. Ikipasuka, mulisema kweli. Piga weye mwenyewe, Papa Nyundo. Mukono yako njo batu banaaminiaka."

Honorine akaivua pete, akaiweka juu ya kile chuma, ambacho Gaspard alikuwa amekileta nyumbani pamoja na nyundo risasi zilipoanza. Gaspard alijua hesabu yake vizuri: jiwe likibaki zima, wao wawili hawabaki. Maisha yake yote alikuwa amegonga vitu akiomba viwe vya kweli. Siku ile alimwomba Mungu kiwe cha uongo, na aliomba kwa moyo wote. Akagonga.

Jiwe likapasuka mara moja, na vipande vikaruka mpaka kwenye ndoo ya maji.

Vijana wakavikodolea macho vipande. Mkubwa wao akavichezesha kwa ncha ya kiatu, kisha akamtazama Gaspard kwa huruma kabisa. "Pole, muzee. Balikuibia." Wakaondoka wakiwa wanamsikitikia. Redio waliibeba.

Mlango ulipofungwa, Gaspard alilia. Hakulia kwa woga, maana woga ulikuwa umekwisha. Alilia kwa aibu. Akamweleza Honorine yote: pete zilikuwa mbili, zote mbili kioo, na kijana muuza betri amemdanganya mara mbili katika biashara moja. Honorine alimsikiliza mpaka mwisho, akafagia vioo visije vikamkata mtu, akasema wataenda kumwona Mbusa njia zikifunguka.

Zilifunguka katikati ya mwezi wa sita, askari wa kigeni walipofika na soko likaanza tena kidogo kidogo. Mbusa alikuwa hai, duka lake limebaki mbao na kufuli. Gaspard akamwekea mbele lile kopo la vidonge.

"Fungua. Angalia diama yako ya vrai vrai."

Mbusa akafungua karatasi ya sigara. Akakitazama kipande kikubwa kuliko vyote, ambacho kilikuwa kama chembe ya chumvi, akakibana kwa ncha ya kisu kwenye kitako cha chupa, akakivuta. Mstari mweupe ukatokea. Akakivuta tena. Mstari mwingine. Akaongea polepole, kwa sauti ya mtu aliye kwenye matanga.

"Papa Gaspard. Ulifanya nini?"

"Nilipiga nyundo."

Mbusa akakaa chini. "Diama inakwaruzaka chuma, Papa. Inakwaruzaka kila kitu. Lakini haipigwake. Hata ile ya bakubwa ba dunia, ukiipiga nyundo inapasuka. Miye nilikupatia ya kweli."

Hukumu za miaka ishirini na kitu zilimrudia Gaspard zote pamoja, na hakujua aweke wapi uso wake. Alisubiri Honorine apige kelele, na kwa mara moja angefurahi akipigiwa. Honorine badala yake aliingiza kidole ndani ya kopo, akaitoa ile pete ya fedha, vikucha vyake vimefumbuka, katikati hamna kitu. Akampa Mbusa.

"Niinamishie hii misumari, isikamate kitenge."

Mbusa akaibana kwa koleo. Honorine akaivaa, ikakaa juu ya ile alama nyepesi barabara.

"Mama Aimé, unisamehe," Gaspard akasema. "Nilikuwa na kitu ya kweli mu mukono, nikaiua."

"Ya kwanza ulipiga, ikakuwa bapa, nikavaa. Hii ulipiga, ikabakia bila jiwe, nitavaa. Ile moja hukupiga njo ilikuwa kioo." Akaugeuza mkono, akaitazama pete tupu. "Na miye?"

"Weye nini?"

"Miaka makumi mbili na tano niko mu nyumba yako. Haukuniweka ku chuma hata siku moja. Ulijuaka namna gani kama niko wa kweli?"

Mbusa, ambaye hakupaswa kuwa anasikiliza, alijitia kupanga mbao zake. Kisha Papa Nyundo akasema neno ambalo hakuna mtu wa Bunia aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

"Sikujua," akasema. "Niliamini tu."

Honorine akakishika kitenge chake, akatangulia. "Basi twende. Niliacha maharagwe ku moto."